Sungura jike baada ya upasuaji wa kizazi: wiki mbili za uangalizi nyumbani

Sungura anayeondolewa kizazi kwa kawaida hulala kliniki saa chache tu. Asubuhi anapelekwa, jioni anarudishwa nyumbani akiwa ndani ya boksi, tumbo limenyolewa manyoya na mshono mfupi umepita katikati. Daktari amemaliza sehemu yake kubwa. Kuanzia hapo, maisha ya mnyama huyo yako mikononi mwa watu wa nyumba hiyo, na usiku wa kwanza ndio wenye hatari zaidi.

Kwa miaka mingi sungura amejulikana nchini kama mfugo wa nyama, au mnyama wa kufundishia watoto ufugaji katika vilabu vya 4-K shuleni. Siku hizi wapo wakazi wengi, hasa mijini, wanaomfuga kama rafiki wa nyumbani. Sungura wa namna hiyo akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka minane hadi kumi na miwili, na ndiyo sababu madaktari wa mifugo hupendekeza jike asiyetarajiwa kuzaa aondolewe kizazi. Mimba ya sungura huchukua takriban siku 31, na jike anaweza kushika mimba nyingine siku ile ile aliyozaa. Mfugaji aliyenunua wawili akidhani wote ni majike huligundua jambo hili mapema. Kubwa zaidi ni saratani ya mji wa mimba, ugonjwa unaowapata sana majike ambao hawajafanyiwa upasuaji, hasa wakishapita miaka mitatu au minne. Katika upasuaji, daktari huondoa ovari na mji wa mimba kwa pamoja, na hatari hiyo huisha.

Upasuaji unaweza kufanywa kuanzia umri wa miezi minne hadi sita, kutegemea ukubwa na afya ya mnyama.

Kabla ya kumpeleka

Mbwa na paka hunyimwa chakula usiku wa kuamkia upasuaji ili wasitapike wakiwa usingizini. Sungura hatapiki, kwa sababu mwili wake haukuumbwa kufanya hivyo. Kumlaza njaa ni kumwumiza bure, maanake utumbo wake unahitaji kufanya kazi muda wote. Mfugaji akiambiwa amnyime sungura chakula tangu jana yake, ana haki ya kuuliza mara ya pili kama daktari huyo amewahi kupasua sungura au amezoea mbwa na ng'ombe pekee. Swali hilo si la dharau. Daktari mzuri hulijibu bila kukasirika, na asiye na uzoefu na sungura humwelekeza mfugaji kwa mwenzake.

Mambo mengine ya kuuliza mapema ni kama bei waliyopatana inahusisha dawa ya maumivu ya kupeleka nyumbani, kama kutakuwa na siku ya kurudi kukaguliwa mshono, na nani wa kupigiwa simu usiku. Namba hiyo iandikwe na kubandikwa ukutani. Saa nane za usiku si wakati wa kuanza kuitafuta.

Ndani ya boksi la safari kuwekwe taulo na nyasi anazozijua. Boksi liwe na matundu ya hewa na lifungwe vizuri. Sungura anayebebwa mapajani kwenye bodaboda, hata akiwa amefunikwa leso, anaweza kuruka akisikia honi. Uti wa mgongo wa sungura ni mwepesi kuvunjika, hata kwa teke lake mwenyewe anapojitupa.

Usiku wa kwanza

Sungura akifika nyumbani awekwe mahali pa kimya, ndani ya nyumba ikiwezekana, mbali na mbwa, paka, redio na watoto wanaotaka kumbeba. Kizimba chenye sakafu ya waya kiwekewe ubao au kadibodi juu yake. Matandiko yawe taulo safi au magazeti, na juu yake nyasi kavu. Maranda ya mbao na vumbi la mbao visitumike kwa wiki mbili, kwa kuwa hunata kwenye mshono. Ngazi na rafu za kizimba ziondolewe ili asiruke.

Anayetoka kwenye dawa ya usingizi hupoteza joto haraka. Joto la kawaida la sungura ni kati ya nyuzi 38.5 na 40, na likishuka chini ya 38 huwa yuko hatarini. Katika maeneo ya nyanda za juu, hasa kati ya Juni na Agosti, chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa upande mmoja wa kizimba husaidia. Iwekwe upande mmoja tu ili akiona joto limezidi aweze kusogea. Jiko la makaa lisiingizwe kabisa katika chumba alimo. Hewa yake ya sumu huua watu, seuze mnyama wa kilo mbili ambaye mapafu yake ndiyo kwanza yanaondokana na dawa. Pwani na katika kaunti za joto, shida hugeuka: sungura havumilii joto la nyuzi 30 na zaidi, kwa hiyo atafutiwe kivuli na hewa inayopita, bila feni kumpiga moja kwa moja.

Maji yawe kwenye bakuli zito na fupi. Hata aliyezoea kunywa kwa chupa ya kuning'inia, usiku huu shingo na tumbo vinamuuma, na kuinama kwenye bakuli ni rahisi zaidi.

Sasa linakuja jambo ambalo mfugaji akilisahau, mengine yote hayatamsaidia. Utumbo wa sungura haupaswi kusimama. Chakula chake ni nyasi, nayo humeng'enywa na bakteria walio katika utumbo kipofu. Maumivu, woga na dawa ya usingizi hupunguza mwendo wa utumbo. Ukipungua sana, gesi hujaa, gesi huleta maumivu zaidi, maumivu humfanya akatae kula, na kutokula husimamisha utumbo kabisa. Mzunguko huo ukiachwa, sungura hufa, wakati mwingine mshono ukiwa safi bila doa.

Kwa hiyo kinachohesabiwa usiku ule ni vitu viwili: anachokula na anachotoa. Sungura mwenye nafuu huanza kuchokora majani jioni ile ile. Tembe za kinyesi zinaweza kuwa chache na ndogo mwanzoni, na hilo si la kutisha mradi zinaongezeka. Saa 12 zikipita bila kula chochote, au bila tembe hata moja, hiyo ni dharura na daktari apigiwe simu wakati huo huo. Kusubiri kukuche, au kusubiri Jumatatu kwa sababu ni wikendi, kumewanyima wafugaji wengi wanyama wao. Ni vyema mtu mmoja wa nyumba apewe kazi ya kuandika kwenye karatasi: saa ngapi amekula, nini, na tembe ngapi. Watoto wakubwa huifanya kazi hii kwa uaminifu kuliko wazazi.

Cha kumlisha

Nyasi kavu ndizo chakula kikuu, nazo ziwepo mbele yake saa zote. Nyasi za boma rhodes zinazouzwa kwa marobota kwa ajili ya ng'ombe zinafaa, mradi ziwe safi, zisiwe na ukungu wala vumbi. Pembeni awekewe majani yenye harufu ya kumshawishi: dhania, mchunga, majani ya viazi vitamu, kishona nguo mchanga. Yaoshwe na kukung'utwa maji. Kila nyumba huwa inajua jani ambalo sungura wake halikatai, na siku hii ndiyo siku ya kulitoa. Kabeji na sukuma wiki zisizidi, kwa sababu zinaweza kuleta gesi. Karoti na ndizi zina sukari nyingi, kipande kidogo cha kuamsha hamu kinatosha. Majani ya nyanya, ya viazi mbatata na ya avokado yasimkaribie, siku hizi wala siku nyingine.

Akikataa kula, daktari anaweza kuelekeza alishwe kwa sirinji. Chakula chake cha tembe hulowekwa katika maji ya vuguvugu hadi kilainike kama uji, kisha huchujwa kiweze kupita. Sirinji isiyo na sindano huingizwa pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, na uji hutolewa kidogo kidogo, takriban mililita moja, akiachwa atafune na kumeza kabla ya kuongezwa. Ukisukumwa kwa nguvu huingia kwenye mapafu. Na kama tumbo limevimba na kuwa gumu kama ngoma, asilishwe kitu kwa sirinji hadi daktari amwone.

Wengine hushtuka wakimwona sungura akiinama na kula kinyesi chake. Hicho ni kinyesi laini kinachotoka utumbo kipofu, nacho kina vitamini na protini anazozihitaji. Ni afya yake. Kwa sababu hii kola ya plastiki wanayovishwa mbwa baada ya upasuaji haimfai sungura ila kwa amri ya daktari: humzuia kukifikia kinyesi hicho, humzuia kujisafisha, na woga wake peke yake unatosha kumfanya aache kula. Ikiwa anautafuna mshono, daktari ana njia nyingine, na mara nyingi kuutafuna sana ni dalili kwamba unauma.

Maumivu, na dawa zinazoua

Sungura ni windo. Porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza, kwa hiyo anaficha maumivu hadi anapozidiwa. Halii kama mbwa. Huketi amejikunja pembeni, macho nusu wazi, masikio yamelala, hajali majani yaliyo mbele yake. Husaga meno kwa nguvu kwa sauti inayosikika. Hukandamiza tumbo sakafuni au hugeuka geuka asipate mkao. Manyoya yake hupoteza unadhifu kwa kuwa ameacha kujilamba. Mfugaji asiseme "ametulia tu." Sungura aliyetulia vizuri hujinyoosha ubavu, pua inachezacheza, na chakula hakimpiti.

Dawa ya maumivu inayotumika sana kwa sungura ni meloksikamu ya maji, ambayo daktari huipima kwa uzito wa mnyama. Kipimo cha sungura si kile cha mbwa, kwa hiyo chupa iliyobaki nyumbani kutoka kwa mbwa wa jirani haitumiki kwa kukisia. Dawa itolewe kwa siku zote zilizoandikwa hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa mara nyingi anaonekana mzima kwa sababu ya dawa hiyo. Parasetamoli, ibuprofeni na vidonge vingine vya maumivu vya watu asipewe bila daktari kusema.

Viuavijasumu vinahitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu vinapatikana kirahisi na vinanunuliwa kwa nia njema. Mshono ukionekana mwekundu, mfugaji hukimbilia duka la dawa au agroveti na kurudi na amoksisilini. Kwa mtoto mwenye kikohozi ni dawa ya kawaida. Kwa sungura, amoksisilini, ampisilini na penisilini zinazopitia mdomoni, pamoja na klindamisini na linkomisini, huua bakteria wazuri wa utumbo kipofu na kuwaachia nafasi wale wanaotengeneza sumu. Kuhara hufuata, na kifo siku chache baadaye. Mfugaji hubaki akiulaumu upasuaji. Zipo dawa za viuavijasumu zilizo salama kwa sungura, naye daktari anazijua. Muuzaji akisema "hii ni ya wanyama wote," ajibiwe kwa upole kwamba sungura hayumo.

Dawa za kuua viroboto zenye fiproni, ambazo hupakwa mbwa na paka shingoni, nazo ni sumu kwa sungura. Zinatajwa hapa kwa sababu mshono huvutia wadudu, na mfugaji hushawishika kupaka kitu.

Mshono

Mshono uangaliwe mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, mahali penye mwanga. Kazi hii inahitaji watu wawili. Mmoja anaketi chini, anampakata sungura akiwa wima, mgongo wake kifuani pa mtu, mkono mmoja chini ya mapaja ya nyuma. Mwingine anaangalia. Asishikwe masikio, wala asilazwe chali miguu ikiwa juu. Akilazwa hivyo huganda kama aliyelala, na watu hudhani amestarehe. Huo ni woga.

Uwekundu kidogo na uvimbe mdogo unaohisi kama kamba chini ya ngozi ni vya kawaida siku mbili tatu za mwanzo. Usaha, harufu, damu inayoendelea kutona, mshono uliofumuka au uvimbe unaokua si vya kawaida, na hivyo vipelekwe kliniki siku hiyo hiyo. Mshono hauoshwi, hauogeshwi, na haupakwi spiriti, chumvi, majivu wala mafuta ya kupaka. Ukichafuka, pangusa pembeni kwa kitambaa safi chenye maji yaliyochemshwa yakapoa ndiyo ruhusa pekee, na kisha pakaushwe.

Nzi ni adui anayesahaulika. Hutaga mayai kwenye kidonda au kwenye manyoya yaliyolowa mkojo, na katika hali ya joto mabuu yanaweza kuanza kumla mnyama akiwa hai ndani ya siku moja. Matandiko yabadilishwe kila siku, sehemu ya mkojo mara nyingi zaidi, na kizimba kifunikwe kwa neti ya mbu. Siafu nao humfuata mnyama aliyefungiwa asiyeweza kukimbia. Miguu ya kizimba kilicho nje isimamishwe ndani ya mikebe yenye maji, ingawa kwa wiki mbili hizi ni afadhali alale ndani.

Siku ya tatu hadi ya tano

Hizi ndizo siku za kudanganyika. Dawa inafanya kazi, hamu ya chakula imerudi, na sungura anaanza kugonga mlango wa kizimba akitaka kutoka. Watoto wanasihi aachiwe uani. Ndani ya tumbo, hata hivyo, misuli iliyokatwa bado haijashikana, na mruko mmoja kutoka kwenye kiti unaweza kuifumua. Atembee sakafuni mahali padogo pasipoteleza, bila kuruka wala kufukuzwa, hadi daktari aseme vinginevyo. Kama nyumba ina mizani ya jikoni, apimwe kila asubuhi. Uzito unaoendelea kushuka husema jambo kabla macho hayajaliona.

Nyuzi nyingi siku hizi ni za kuyeyuka zenyewe chini ya ngozi. Zilizo nje huondolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, na hiyo ndiyo siku ya ukaguzi. Mfugaji asizikate mwenyewe kwa wembe, hata kama zinaonekana zimelegea.

Wenzake wa kizimbani

Sungura huzoeana wawili wawili, na kutenganishwa ghafla huwasononesha wote. Jike mwenzake mpole, au dume aliyehasiwa zamani ambaye hana tabia ya kumpanda, anaweza kuwekwa kizimba cha pembeni waonane na kunusana. Aliyerudi kutoka kliniki hunukia dawa, na mwenzake anaweza kumvamia kwa kutomtambua. Kubadilishana taulo zao hupunguza hilo.

Dume mzima asifikishwe karibu. Jike hawezi tena kupata mimba, lakini dume hajui, na kumpanda kwake kutapasua mshono. Mfugaji aliyemhasi dume badala ya jike, au aliyewafanyia wote wawili, akumbuke kwamba mbegu hubaki kwenye mirija ya dume. Anaweza kumpa mimba jike mwingine hadi wiki nne hadi sita baada ya kuhasiwa.

Tabia ya jike haibadiliki usiku mmoja. Aliyekuwa akikoroma, kuuma mkono unaoingiza chakula na kunyunyiza mkojo ataendelea hivyo kwa wiki kadhaa, hadi homoni zipungue mwilini.

Nani afanye upasuaji, na nani wa kuulizwa

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za mifugo ziko mikononi mwa serikali za kaunti, lakini usimamizi wa taaluma yenyewe ulibaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo afisa wa mifugo wa wadi au wa kaunti ndogo anaweza kumwelekeza mkazi kwa daktari, ilhali usajili wa daktari huyo hutolewa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011. Kumfungua mnyama tumbo ni kazi ya daktari aliyesajiliwa. Mkazi anaweza kuomba kuonyeshwa cheti cha mwaka huu kabla ya kumwacha mnyama wake.

Kwa wanaofuga sungura kwa nyama pamoja na wa nyumbani: jike aliyepewa dawa za upasuaji asichinjwe bila kumuuliza daktari ni lini dawa hizo zitakuwa zimeisha mwilini. Akitengwa katika kizimba chake, kadi yenye tarehe ya upasuaji na majina ya dawa ifungwe mlangoni, ili anayelisha asubuhi mfugaji akiwa hayupo asimchanganye na wengine.